Panueni Kazi: Wosia kwa Vijana wa Kigango Chetu

Wajukuu zangu, wana wa VIWAWA, na ninyi nyote mnaoimba, mnaosoma masomo na mnaofagia kanisa Jumamosi jioni,

Baada ya Pasaka nilimkabidhi katibu mpya daftari la kigango, na wiki hiyohiyo nikawarudishia akina mama wa WAWATA funguo za stoo ya viti. Sasa sina cheo hapa isipokuwa uzee. Mwenyekiti wenu alinijia nyumbani akaniomba niwaachie neno la umoja, maana vijana, alisema, wameanza kukaa makundi makundi. Mahubiri ya umoja mmeyasikia tangu mkiwa Utoto Mtakatifu, na mafungo ya Kwaresima hayaishi bila neno hilo kutajwa. Kama kusikia kungetosha, kigango chetu kisingekuwa na kesi hata moja. Kwa hiyo nitawaandikia niliyoyaona nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha katekista, kisha katibu.

Yote niliyoyaona yananirudisha kwenye jambo moja: upendo kati ya waumini huja baada ya kazi. Watu waliofyatua matofali pamoja hupendana hata kama kabla ya hapo hawakusalimiana. Watu wanaohubiriwa upendo huku kazi zote zikiwa za wachache huviziana. Basi mkiona kanisa linagombana, msikimbilie kuuliza nani ana roho mbaya. Hesabuni kwanza kazi za kanisa hilo ziko mikononi mwa wangapi.

Anzeni kwa kujijua. Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na majirani zao walikuwa katika nchi hii tangu zamani, lakini Mpanda yenyewe ni mji wa watu wa kuja. Uliletwa na madini ya risasi. Reli ya kutoka Kaliua, karibu kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi, na watu wakaifuata: Wafipa kutoka kusini, Wanyamwezi kutoka Tabora, Waha kutoka Kigoma. Baba yangu alitoka Ufipa na blanketi na rozari, akamkuta huku mama yangu, Mkonongo. Mgodi ulipofungwa karibu na mwaka 1960, wenye mali waliondoka, vibarua wakabaki.

Mwaka 1973 yakafunguliwa makazi ya Katumba kwa ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na mwaka 1978 yakafuata ya Mishamo. Walishushwa porini, wakapewa mapori wafyeke. Ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha na kuuza ziada, na sisi wa mjini tukala mahindi na maharage yao. Wasukuma nao wakaja na ng'ombe na plau, wakitafuta malisho na mabonde ya mpunga. Wakaja wachimbaji wa dhahabu. Tulipotengwa na Rukwa mwaka 2012 tukawa Mkoa wa Katavi, wakaja watumishi wa serikali kutoka kila pembe ya nchi.

Waulizeni watu watano wa benchi moja Jumapili, babu zao wamezikwa wapi. Mtasikia mikoa mitatu na nchi mbili. Kuna vijiji ambako kanisa limekaa juu ya ukoo: mwenyekiti ni mjomba wa mweka hazina, na mpiga ngoma ni shemeji wa katekista. Huko wakigombana kanisani, mazishi ya bibi yatawarudisha pamoja. Sisi hatuna bibi mmoja. Hatuna mahame tunayoweza kuonyeshana tukasema hapa ndipo tulipotoka sote. Kama hatufanyi kazi pamoja, hakuna kingine cha kutushika.

Msidhani hilo ni upungufu wa mji wetu peke yake. Kanisa la nchi hii lilianza hivyohivyo. Kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo mwaka 1879 kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold. Mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, ambao leo tunawaita Wamisionari wa Afrika. Wengi wa waumini wa mwanzo waliokusanyika pale walikuwa watu waliokombolewa utumwani, watoto kwa watu wazima, waliotekwa pande mbalimbali, kila mmoja na lugha ya mama yake. Hawakuwa na ukoo wa kuwaunganisha. Walikuwa na mashamba ya kulima, kuta za kujenga na wagonjwa wa kuuguza.

Na mtenda kazi mmoja mkubwa wa Karema hakuwa Mzungu wala mzaliwa wa huku. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa kaskazini ya jangwa la Sahara, na huko Mapadri Weupe wakamkomboa. Alisomea utabibu kisiwani Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 akiwa katekista na tabibu, akaoa huku, mwanawe Joseph akawa padri, naye akaendelea na huduma hiyo Karema hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Fikirini mtu huyo: hakuwa na ndugu hata mmoja kuanzia ziwani hadi Tabora, lakini alikufa akiwa mzee wa watu wa Karema. Hakuna aliyesoma risala ya kumpa uenyeji. Aliupata kwa kufunga vidonda vya watu mwaka baada ya mwaka. Wahenga wanaposema mgeni njoo mwenyeji apone, mimi humkumbuka yeye.

Kutoka Karema likatokea jimbo, ambalo mwaka 1969 lilibadilishwa jina likaitwa Sumbawanga, na mwaka 2000 likamegwa kutoka humo Jimbo la Mpanda. Baba Askofu Pascal Kikoti alituongoza hadi alipofariki mwaka 2012. Baba Askofu Gervas Nyaisonga alikuja mwaka 2014, kisha akapelekwa kuwa Askofu Mkuu wa Mbeya. Mwaka 2020 akateuliwa Baba Askofu Eusebius Nzigilwa. Angalieni pengo lile la kati ya 2012 na 2014. Jimbo halikuwa na askofu, lakini jumuiya ziliendelea kukutana, wagonjwa walitembelewa, watoto walifundishwa katekisimu. Hiyo ni kwa sababu maaskofu wa Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1970, walikuwa wameamua kwamba kanisa la huku lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, nyumba jirani kwa nyumba jirani. Kazi iliyoenea mikononi mwa wengi haisimami kiongozi mmoja anapoondoka.

Mtaniambia: babu, watu huunganishwa na mateso kuliko kazi. Twendeni Buganda. Tarehe 3 Juni kila mwaka tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda. Siku hiyo mwaka 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa pamoja pale Namugongo. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, hakuwasahau Waanglikana waliokufa kwa jina lilelile la Kristo. Sehemu hiyo tunaihubiri vizuri.

Sehemu tusiyoihubiri ni ya Januari 1892. Hata miaka sita haijatimia tangu moto ule, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki katika kilima cha Mengo. Upande mmoja uliitwa wa Wafaransa na mwingine wa Waingereza, kwa kufuata mataifa ya wamisionari wao. Watu ambao ndugu zao walikuwa wamekufa pamoja sasa waliuana. Ukichimba sababu unakuta vyeo. Katika ufalme ule cheo cha utemi kilikuja na ardhi na watu, na vyeo vilikwenda kwa chama chenye nguvu. Aliyeshinda alichukua vyote, aliyeshindwa aliondoka mikono mitupu. Mateso yaliwaunganisha siku ya kufa. Hayakuwafundisha namna ya kugawana kazi siku ya kuishi.

Somo hilo mnaweza kulipata karibu zaidi. Nendeni Hifadhi ya Katavi mwezi wa kumi, wakati Mto Katuma umebaki madimbwi. Viboko wanajazana katika tope moja, mgongo juu ya mgongo, na madume wanaumana hadi damu. Mvua zikirudi, walewale wanatawanyika kwenye maji mapana na kila mmoja anapata pa kuzama. Hawakufanyiwa suluhu, maji yaliongezeka. Nimeona kanisani vivyo hivyo. Kazi zikiwa chache na wenye kuzishika ni haohao, hata kupokezana kipaza sauti kunazua chuki. Kazi zikipanuka, wagomvi hukosa muda.

Niwape mfano wa kwetu, bila majina. Kigango kilipopata kinanda cha kwanza, kilinunuliwa kwa fedha za mavuno, maana yake magunia ya mahindi na mpunga ya kila nyumba. Lakini aliyejua kukipiga alikuwa mmoja, naye alikuwa wa kwaya moja. Kinanda kikalala kwao kwa sababu ya usalama, tuliambiwa. Kwaya ya pili, yenye vijana wengi wa Kisukuma na waliotoka Katumba, ikaambiwa iimbe na ngoma zake. Basi ikaimba kwa ngoma, kwa nguvu, Misa nzima, hata wakati wa ukimya. Mwaka ule siku ya Kipaimara nusura waimbaji wakunjane mashati mbele ya wageni. Halmashauri ya Walei ilikaa, ikasuluhisha, watu wakashikana mikono. Jumapili iliyofuata mambo yakawa yaleyale.

Kilichomaliza kesi ile kilikuwa uamuzi wa mama mmoja mzee wa WAWATA, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa shida. Alisema kinanda kihamie sakristia, funguo zikae na mtu asiyeimba kokote, na mpigaji afundishe vijana watatu kutoka kila kwaya, kila Jumamosi, hadi wajue. Akaongeza kwamba wanafunzi hao wasaidie kwanza kufyatua matofali ya nyumba ya katekista, kwa kuwa mwalimu wa kinanda hakuwa na mshahara na hiyo ingekuwa shukrani yao kwa kanisa. Wakakanyaga udongo pamoja, wakapanga tanuri pamoja, wakakesha wakilisha moto kuni. Tanuri lilipopoa, wapiga kinanda walikuwa saba, na zile kwaya mbili zilikuwa zinaazimana sauti za besi. Nyumba hiyo mnaiona hadi leo nyuma ya kanisa.

Mama yule hakusoma teolojia, lakini alifanya walivyofanya Mitume. Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kule Yerusalemu walizuka watu wakinung'unika kwamba wajane wa wale wasemao Kigiriki wanasahauliwa katika chakula cha kila siku. Manung'uniko ya lugha na asili, katika kanisa la kwanza kabisa, Mitume wenyewe wakiwa hai! Mitume hawakuwakemea walalamikaji. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia huduma hiyo. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Waliolalamika walikabidhiwa kazi waliyoilalamikia.

Mkimaliza hapo, rudini Nehemia sura ya 3, ile ambayo wasomaji hukimbia kwa sababu ya majina magumu. Ni orodha ya zamu za kujenga ukuta wa Yerusalemu. Makuhani wamo, wafua dhahabu wamo, watengeneza manukato wamo, mtu mmoja yuko na binti zake, na wengi wanajenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Wanaotajwa kwa aibu ni wakuu wa Tekoa, waliokataa kuinamisha shingo zao kazini, na orodha ikaendelea bila wao.

Sasa wosia wenyewe.

Kwanza, mgeni apewe kazi mapema. Tumezoea kumsimamisha mgeni Jumapili, ataje jina na alikotoka, tumpigie makofi, basi. Makofi hayamfungi mtu. Mpeni ufagio, mpeni somo la pili, mpeni zamu ya maji ya wagonjwa. Kulikuwa na kijana mchimbaji aliyesali kwetu msimu mmoja. Alikaa benchi la mwisho, akatoa sadaka, akaondoka. Kifusi kilipomfukia machimboni tukagundua kwamba tunamjua kwa jina la utani tu. Jumuiya ilimzika kwa heshima, lakini hatukuwa na namba ya simu ya mama yake. Tangu hapo daftari la jumuiya lina sehemu ya wageni: jina kamili, kijiji cha nyumbani, ndugu wa kupigiwa. Msiache kuijaza. Mtu aliye katika zamu ya ufagio, asipofika Jumamosi moja, wenzake watauliza yuko wapi.

Pili, kila kazi iwe na watu wawili: anayeijua na anayejifunza. Katekista awe na msaidizi. Anayetengeneza jenereta awe na kijana wa kumshikia spana. Ukimwona mtu anaficha ujuzi wake ili asikosekane, mpende, lakini mpe mwanafunzi.

Tatu, fedha zisomwe mbele ya watu. Zaka, mavuno, mchango wa mabati, sherehe ya somo wa kigango: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Zisomwe na shilingi zake, na risiti zibandikwe mlangoni. Siku hizi michango inatumwa kwa simu, na simu ni ya mtu mmoja. Basi namba ya kigango iandikishwe kwa utaratibu wa kigango, na fedha zisitolewe bila watu watatu kujua. Asilimia kubwa ya magomvi niliyoyaandika katika kumbukumbu za vikao yalianza na mtu kusema "sijui hela zimekwenda wapi," na mwingine kujibu "kwani huniamini?" Msifike huko. Mwaminifu hudharauliwa akifichiwa hesabu, na mtunza hazina hulindwa hesabu zikisomwa hadharani.

Nne, kiongozi ajue kushuka. Muda wake ukiisha, akabidhi na aende kukaa benchi, na mumpe kazi nyingine siku hiyohiyo. Wazee wengi wanang'ang'ania viti kwa sababu wanaogopa kwamba wakishuka hakuna atakayewahitaji. Mimi nimekabidhi daftari, lakini Jumanne nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, kwa hiyo sina haja ya kuvizia kiti cha mtu.

Tano, hesabuni akina mama wanaofanya kazi, kisha hesabuni akina mama wanaoamua. Wanaopika siku ya Askofu, wanaoosha wagonjwa, wanaolala kwenye msiba ni wao. WAWATA ina umri wa zaidi ya miaka 50 nchini mwetu. Kikao kinachopanga kazi zao bila wao kimekosa wajuzi wa kazi.

Sita, kabila lisipewe kitengo. Msifanye kwaya ya Wafipa, ulinzi wa Wasukuma na usafi wa watu wa Katumba. Ndugu zetu hao walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014, na hata kabla ya vyeti walikuwa wamebatizwa ubatizo uleule. Changanyeni majina katika kila zamu. Nyimbo za Kirundi, za Kisukuma na za Kifipa ziimbwe na wote, kila mmoja akijiuma ulimi katika lugha ya mwenzake. Ila kikao kiendeshwe kwa Kiswahili, asiwepo anayecheka kitu ambacho jirani yake hakukielewa.

Saba, ugomvi uende kwa miguu. Mkikosana, mfuate mwenzako nyumbani kwake. Akikataa, nenda na shahidi. Ikishindikana, jumuiya iambiwe. Utaratibu huo Bwana ametupa katika Injili ya Mathayo, sura ya 18. Lile kundi la WhatsApp la kwaya litumike kutangaza mazoezi na misiba. Neno la hasira lililoandikwa saa nne usiku linasomwa asubuhi na watu themanini, na hata likifutwa mtu ameshalipiga picha.

Nane, msinyamazishane kwa jina la umoja. Anayeuliza hesabu hagawanyi kanisa. Anayesema kijana fulani ameonewa hagawanyi kanisa. Na akitokea mtu, awe na cheo gani, anayemdhuru mtoto au binti kati yenu, msimfiche ili "tusiaibishe kigango." Mpelekeni polisi, kisha msaidieni aliyeumizwa. Mkikaa kimya mtakuwa mmemsaidia mkosaji, na hiyo nayo ni kazi ya pamoja.

Tisa, kazi zenu zivuke ua wa kanisa. Ndugu zetu Waanglikana wana dayosisi yao ya Ziwa Rukwa yenye makao hapa Mpanda. Wamoravian, Walutheri na Wapentekoste ni majirani wa mlango kwa mlango. Katika mafundisho tunatofautiana, na siwaombi muigize kwamba hatutofautiani. Lakini kaburi likichimbwa, sululu haina dhehebu. Mnajua wenyewe kwamba msiba ukitokea mtaani kwetu, hata Waislamu hufika na majembe kabla ya matangazo ya kanisani. Dumuni hapo. Darasa la shule likiezuliwa na upepo, nendeni na vijana wa makanisa mengine mkaliezeke. Yaliyotokea Mengo huanza pale ambapo vijana wa pande mbili wanajuana kwa maneno ya viongozi wao tu.

Na mwenzenu akihama, akaenda kusali kwa watumishi wapya wanaofungua ibada kila mtaa, msimcheke wala msimfungie milango. Muulizeni kwa upole alikosa nini kwetu. Vijana watatu walionijibu swali hilo kwa uaminifu hawakutaja miujiza. Walisema kule walipofika tu walipewa kipaza sauti, viti vya kupanga, vipindi vya kuongoza. Kwetu walikuwa wameambiwa wasubiri wakue.

Ndiyo maana sitaki wosia huu usomwe siku moja ukunjwe. Jumapili hii, baada ya ibada, chukueni karatasi kubwa. Andikeni upande mmoja kila kazi ya kigango, kuanzia kupiga kengele hadi kutunza hazina, kuanzia kusindikiza wazee usiku hadi kufua nguo za altare. Upande wa pili andikeni jina la anayeifanya. Jina likitokea mara tatu, liondoeni mara mbili, hata kama ni la mtu mzuri, hata kama ni la mjukuu wangu. Kisha angalieni ni nani katika jumuiya zenu hajaandikwa popote. Nendeni kwake wawili wawili kabla ya Jumapili inayofuata, mkampe kazi. Karatasi hiyo ibandikwe karibu na risiti, na kila robo mwaka iandikwe upya.

Kazi mpya mnayo tayari. Nyumba ya katekista inavuja upande wa jikoni, na mchanga wa kumalizia sakafu niliuacha nyuma ya kanisa. Mimi siwezi kubeba ndoo, lakini naweza kukaa kivulini nikaandika majina ya waliofika. Nitawaona Jumamosi saa moja asubuhi.

Mungu Baba awabariki katika kulima na kuvuna, katika kuimba na kuzikana. Mama Bikira Maria awaombee.

Babu yenu na mwalimu wenu,
katekista mstaafu, Mpanda.